Je, Wajua Kwa Nini Riwaya za Mapenzi Hupenda Kurudi Enzi za Malodi?

Katika mafungu ya vitabu vya mitumba yanayotandazwa kando ya barabara za katikati ya Nairobi, riwaya za mapenzi hazikosi. Chambua kidogo na utakutana na jalada lile lile: mwanamke wa gauni refu, mwanamume wa buti za farasi, na nyuma yao jumba la mawe. Mara nyingi kisa ni cha Uingereza ya malodi, yaani mabwana wenye vyeo, kati ya 1811 na 1820, wakati Mfalme George wa Tatu alipokuwa mgonjwa wa akili na mwanawe akakaimu kiti. Ni miaka tisa tu, ya nchi ya mbali, karne mbili zilizopita. Kwa nini waandishi hawaichoki? Na kwa nini msomaji wa Umoja au Rongai apitishwe kituo chake na matatu kwa sababu ameshindwa kufunga kitabu?

Sababu kubwa ni kizuizi. Kisa cha mapenzi hakiendi bila kitu cha kuwatenga wawili. Leo wakipendana watapeana nambari za simu, watakutana Jumamosi, na wasipoelewana kila mmoja atashika njia yake. Mwandishi wa kisa cha leo hutoa jasho kutafuta cha kuwazuia kwa kurasa 300. Anayeandika kuhusu enzi zile hukuta sheria imeshamfanyia kazi hiyo. Kuanzia 1754, sheria mpya ya ndoa ya Uingereza ilimwezesha mzazi kumzuia kijana wa chini ya miaka 21 asioe wala kuolewa bila ridhaa yake. Ndiyo maana wapenzi wa riwayani hutoroka usiku kwa gari la farasi kwenda Gretna Green, ng'ambo ya mpaka wa Scotland, ambako sheria hiyo haikufika. Mke alipoolewa, fedha zake zikawa za mume, na hali hiyo haikubadilishwa kikamilifu Uingereza hadi sheria ya 1882. Kabla ya 1857, talaka iliyomruhusu mtu kuoa tena ilihitaji Bunge lipitishe sheria ya ndoa ile moja.

Pima basi uzito wa kusema "ndiyo" mahali kama hapo. Binti anachagua mara moja, na akikosea hana pa kurudi. Kumbuka pia kwamba mwari wa tabaka la malodi hakuachwa peke yake na mwanamume, na kwamba dansini ndipo walipoweza kuzungumza wawili huku ukumbi mzima ukiwatazama. Mkono ukishikwa nusu dakika zaidi ya inavyotakiwa, msomaji anakaa wima. Utamu wa riwaya hizi unatoka hapo, na sioni haya kuusifu. Ni ufundi wa kweli kumfanya mtu apumue kwa shida kwa sababu glavu imevuliwa.

Sisi wa Nairobi tuna jambo la ziada. Msomaji wa mahali ambapo ndoa ni shauri la watu wawili tu huona jamaa wa riwayani kama kituko. Kwetu, shangazi anayeuliza ukoo wa mchumba, wazee wanaokaa upande mmoja wa sebule wakijadili mali, mama mkwe asiyetabasamu hadi chai ya pili, hao tulikuwa nao kwenye ruracio, kikao cha mahari, ya juzi. Tofauti ni mwelekeo wa mali: kule baba wa binti ndiye aliyemlipa bwana harusi, hapa ni upande wa mwanamume unaopeleka. Lakini wasiwasi wa binti aliyekaa chumba cha pili akisikiliza sauti, huo tunaufahamu bila maelezo.

Aliyeipa aina hii sura yake ni Georgette Heyer, Mwingereza ambaye mwaka 1935 alianza kuandika visa vya miaka hiyo kwa uchunguzi mkubwa wa mavazi, magari ya farasi na hata misimu ya vijana wa London. Kisha Marekani, mwaka 1972, Kathleen Woodiwiss akatoa riwaya nene iliyofungua mlango wa chumba cha kulala, na mamia wakamfuata.

Hapo ndipo penye kasoro ninayoiona mbaya kuliko zote. Katika nyingi za riwaya za miaka ya 1970 na 1980, shujaa humlazimisha binti kimwili, kisha kurasa mia mbili baadaye binti anampenda. Waandishi wa siku hizi wameliacha jambo hilo kwa sehemu kubwa. Vitabu vyenyewe, hata hivyo, havijafa. Mitumba huleta vya zamani, na ndivyo vilivyozunguka katika shule zetu za bweni, vikiwa vimefunikwa kwa gazeti matroni asione jalada, vikisomwa kwa tochi chini ya blanketi. Msichana wa miaka kumi na tano aliambiwa humo kwamba "hapana" ya mwanamke ni mwanzo wa mazungumzo. Nataka shangazi na dada wakubwa wanaopitisha vitabu hivi kwa wadogo zao wavisome kwanza.

Kasoro ya pili ni fedha. Cheo cha duke, cha juu kabisa chini ya jamaa ya mfalme, kilikuwa na watu takriban thelathini katika ufalme mzima, na wengi hawakuwa vijana wala warembo. Riwayani wako kila kona. Hilo ninalisamehe. Nisilolisamehe upesi ni jumba lenye mishumaa elfu moja ambalo hakuna anayeuliza limejengwa kwa fedha za wapi. Utajiri wa baadhi ya familia hizo ulitoka kwenye mashamba ya miwa ya Karibi. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku na Uingereza mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe uliendelea katika makoloni hayo katika miaka yote ile ya dansi. Ulipofutwa kwa sheria ya 1833, serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia, na waliolipwa ni wamiliki. Waliotumikishwa hawakupata kitu. Sukari iliyo kwenye chai ya binti wa riwayani ina historia hiyo, na mwandishi anayeijua na kuinyamazia anamdhulumu msomaji wake.

Kasoro ya tatu ni kufunga kitabu harusini. Tuna kisa cha kweli cha pwani yetu kinachoonyesha kinachoachwa nje. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said wa Zanzibar, alimpenda mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Akapata mimba, na mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Huko, mwaka 1867, alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa. Riwaya ya kawaida ingeishia Aden. Maisha yalimpeleka Hamburg, kwenye baridi na lugha ngeni, na mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Alidai urithi wake kwa kaka yake, Sultani Barghash, akakataliwa. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa 1886, zina mapenzi, zina bahari, na zina bili za kulipa.

Kiswahili kimeonyesha kwamba kizuizi na ukweli vinaweza kukaa jalada moja. Katika Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, Yasmin anaozwa mwanamume mzee anayemzidi sana umri, anatoroka, na mapenzi yake na Denge, mpigania uhuru, yanakua huku polisi wa mkoloni wakimwinda Denge Zanzibar. Siasa humo haikuwekwa kama pazia la nyuma. Ndiyo inayoamua nani amwone nani, na saa ngapi.

Nairobi bado inadai riwaya zake. Nyingi za mapenzi zilizowekwa Kenya ya zamani zina machweo, mashamba ya wazungu, na Mwafrika anayeleta trei bila jina. Ilhali hapa palikuwa na kipande, kitambulisho cha mkoloni kilichovaliwa shingoni, kilichoamua mwanamume akae mjini au arudishwe kijijini. Tarehe 24 Aprili 1954 ilianza Operesheni Anvil, msako wa serikali ya mkoloni dhidi ya Mau Mau: jiji lilizingirwa, wakazi wakakaguliwa mtaa kwa mtaa, na maelfu ya wanaume wakapelekwa kizuizini, wengi bila kuagana na wake na wachumba wao. Anayetaka kuandika mapenzi ya mwaka huo asichelewe kwenda Pumwani, Kaloleni na Bahati kuuliza. Waliokuwa na miaka 20 wakati huo sasa wamepita 90.