Kurudi kwenye baiskeli baada ya miaka mingi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tanga ni miongoni mwa miji ya Tanzania inayojulikana kwa baiskeli, kwa kuwa ardhi yake karibu yote ni tambarare na umbali kati ya makazi na kazi si mkubwa. Hata hivyo, wako wengi walioiegemeza baiskeli ukutani walipopata pikipiki au walipozoea daladala, na sasa nauli na kitambi vinawarudisha. Anayerudi hupewa ushauri mwingi barazani, na sehemu kubwa ya ushauri huo ni nusu kweli, ambayo ni vigumu kuitambua kuliko uongo mtupu.

“Baiskeli haisahauliki, ukiipanda tu umerudi.”

Kisichosahaulika ni kusawazisha mwili, ujuzi ambao ubongo huutunza kwa miaka mingi. Pumzi haitunzwi hivyo. Mtu aliyekuwa na mazoezi akiacha, maji ya damu hupungua ndani ya wiki mbili za kwanza, moyo hutoa damu kidogo zaidi kwa kila pigo, na kwa hiyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ileile. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1984, wanamichezo saba walioacha mazoezi walipoteza asilimia 7 ya uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni katika siku 21, na kufikia siku ya 56 upungufu ulikuwa umefika asilimia 16. Hao walipumzika kwa wiki chache tu. Aliyeacha kwa miaka sita ameongeza umri na uzito juu ya upungufu huo. Tatizo ni kwamba uwezo wa kusawazisha mwili hurudi siku ileile ya kwanza na kumdanganya mwenyewe: miguu inaukumbuka mwendo wa zamani, lakini kifua hakiuwezi.

“Basi itamchukua mwaka mzima.”

Hapana. Maji ya damu huanza kuongezeka ndani ya siku chache za mazoezi, na mtu anayeendesha mara tatu au nne kwa wiki, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, kwa kawaida huiona tofauti kati ya wiki ya nne na ya nane. Kinachochelewa ni kano zinazounganisha misuli na mifupa, kwa sababu hupata damu kidogo kuliko misuli na hukomaa polepole. Ndiyo maana goti huanza kulalamika pale pumzi inaporudi na mtu anapojihisi kijana tena, si siku ya kwanza alipokuwa akijihurumia. Kwa maoni yangu, hapa ndipo wengi huiacha baiskeli kwa mara ya pili, wakidhani umri ndio umewashinda, kumbe wameongeza mwendo na umbali kwa pamoja katika wiki moja.

Njia ninayoipendekeza kwa mfanyakazi mwenye mahali salama pa kulaza baiskeli kazini ni kugawa safari: Jumatatu aende kwa baiskeli na kurudi kwa daladala, Jumanne aende kwa daladala na kurudi kwa baiskeli. Kwa mpango huo anafanya mazoezi kila siku kwa nusu ya mzigo, na hachelewi kazini kwa sababu ya miguu iliyochoka jana yake.

“Kiti kikiwa chini ndiyo usalama.”

Wanaorudi hupenda kukishusha kiti hadi nyayo zote mbili zikanyage chini wakiwa wamekaa. Kiti cha namna hiyo hulikunja goti kupita kiasi kila pedali inapofika juu, na mashinikizo yote huishia mbele ya goti. Kipimo rahisi ni kukaa kitini huku umeshika ukuta, kisha kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, kama inavyotakiwa, goti litabaki limekunjika kidogo. Kwa baiskeli isiyo na gia, kama Phoenix iliyozoeleka, penye mwinuko shuka uisukume. Hakuna aibu, hasa ikiwa keria imebeba gunia.

Kuhusu kiti, sponji nene haiondoi maumivu ya makalio. Mifupa ya makalio huzama ndani yake na uzito ukahamia kwenye nyama laini iliyo katikati. Maumivu ya mifupa yenyewe hupungua baada ya wiki mbili hivi, lakini ganzi si ya kuvumiliwa, maana yaonyesha kwamba kiti kimeinuliwa pua au hakikufai.

“Jasho jingi ndiyo mazoezi.”

Jasho hupoza mwili pale tu linapokauka, na katika unyevu wa pwani hudondoka bila kukauka. Mwili huzoea joto kwa takribani wiki moja hadi mbili, na unapozoea hutoa jasho mapema zaidi na kwa wingi zaidi, kwa hiyo wingi wa jasho haupimi bidii. Kuondoka mapema asubuhi husaidia pia kwa sababu ya upepo, ambao kwenye nchi tambarare ndio mlima wenyewe: hata pasipo upepo, nguvu inayohitajika kuipasua hewa huongezeka mara nane mwendo unapoongezeka mara mbili. Upepo wa baharini hushika kasi mchana, na anayekaa upande wa Pongwe, magharibi mwa mji, atarudi nyumbani akisukumwa nao mgongoni.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari au historia ya ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kuanza. Maumivu ya kifua au kizunguzungu njiani yasidhaniwe kuwa ni ukosefu wa mazoezi tu. Ashuke na kutafuta msaada hapohapo.