Chuma cha mgongo siyo ndo kinaunga mfupa
Kwenye upasuaji wa kuunganisha pingili za mgongo, wengi wanadhani ukishafungwa skrubu na vyuma vya titani basi ndo umeungwa, kumbe chuma kinashikilia tu pingili zisicheze mpaka mfupa uliopandikizwa uote uzishikanishe, na hiyo ni miezi siyo wiki. Usipoota, skrubu inaweza kuchoka ikakatika, hata iwe ya bei gani. Ile keji, kikasha kinachowekwa katikati ya pingili, ya plastiki ngumu iitwayo PEEK, madaktari wanaipenda sababu ugumu wake unakaribia wa mfupa na haizibi picha ya eksirei, ila mfupa hauing'ang'anii vizuri, ndo maana nyingine zinapakwa titani yenye mikwaruzo au haidroksiapataiti, madini ya jamii ileile ya mfupa. Na tabaka hilo lililopakwa lenyewe linaweza kubanduka daktari akiigonga keji iingie. Mvuta sigara ndo kabisa, nikotini inakwamisha mfupa.