Meli ya kisiwa cha mbali: yatazame haya kabla hujapanda

Ratiba ya meli ya mizigo inayohudumia visiwa vya mbali hupangwa na shehena. Mchele, saruji na dizeli vikichelewa gatini, safari nayo inachelewa, na kule iendako huenda ikasubiri tena mbata zipakiwe. Tokelau, visiwa vitatu vya matumbawe katika Pasifiki, havina uwanja wa ndege. Msafiri hupanda meli Apia, Samoa, na hukaa baharini zaidi ya siku nzima. Basi usipange kuunganisha ndege siku ileile ya kurudi.

Kuchelewa ni usumbufu tu. Sisi wakaguzi wa vyombo vya majini tunahofia zaidi abiria asiyejulikana kama yumo melini. Januari 2018 feri Butiraoi iliondoka Nonouti, Kiribati, kuelekea Betio, safari ya siku kama mbili. Ilizama, na zaidi ya wiki ikapita kabla ya msako kuanza. Waliookolewa ni 7. Kwa hiyo hakikisha jina lako limeandikwa kwenye orodha ya abiria, hata kama umelipa mkononi kwa baharia, na mwachie mtu wa nchi kavu jina la meli, siku ya kufika, na namba ya kupiga usipofika.

Ukiwa bado gatini, tazama ubavu wa meli. Katikati pana duara lililokatwa na mstari, na pembeni yake vistari vyenye herufi. Herufi T ni ya bahari ya tropiki: mstari wake ukiwa umezama kwenye maji ya chumvi yaliyotulia, meli imejazwa kupita kiasi. Rangi mpya haibadilishi hilo. Vyombo vidogo vingi havina alama hizo. Hapo angalia kama mzigo umefungwa, na kama shehena imeziba milango au majaketi okozi. Katika safari za kimataifa, meli ya mizigo hairuhusiwi kuchukua abiria zaidi ya 12.

Mahali pa kulala napo pana uzito. Princess Ashika ilipozama Tonga usiku wa Agosti 2009, watu 74 walikufa. Wanawake na watoto walikuwa wamelala ndani, na hakuna hata mmoja wao aliyenusurika. Upepo wa sitahani unakera, lakini mimi ningelala huko, au angalau karibu na ngazi ya kutokea.

Visiwa vingi havina bandari. Meli hukaa nje ya mwamba, mashua ikakufuata. Vaa jaketi okozi kabla ya kuukaribia ukingo, mizigo ishushwe kwa kamba, mikono yako ibaki mitupu. Unapopanda kutoka mashuani, subiri wimbi liinyanyue hadi juu kabisa, ushike ngazi na kupanda mara moja; ukisitasita, mashua itarudi na wimbi linalofuata na kukubana mguu.