Kwa nini grafu ya kumbukumbu ya Java hufanana na meno ya msumeno?

Je, wajua kwamba programu iliyoandikwa kwa Java, lugha ya kompyuta, hula kumbukumbu hata ikiwa imekaa bure? Itazame kwa JConsole, chombo cha kuchora matumizi ya kumbukumbu, kilichoanza kuja na Java 5 mwaka 2004. Mstari hupanda polepole, huporomoka ghafla, kisha huanza kupanda tena.

Nilipouona mara ya kwanza, hapa Kampala, kwenye programu ya karo za shule niliyokuwa naitunza, niliamini kumbukumbu inavuja, yaani inajaa vitu visivyotumika tena ambavyo haviachiliwi. Kwa wiki mbili nikawa naizima na kuiwasha seva kila usiku. Nilikosea, na wengi hukosea hivyo hivyo, kwa sababu macho huufuata mstari unapopanda. Kupanda ni kazi ya kawaida. Cha kutazama ni mabonde, yaani kimo cha mstari mara tu baada ya kuporomoka. Mabonde yakibaki kimo kimoja kutwa nzima, hakuna kinachovuja, hata vilele viwe virefu vipi.

Fikiria mama anayemenya matoke sokoni Nakawa. Haendi jalalani kwa kila ganda. Huyaacha yarundikane mpaka nafasi imwishie, ndipo asafishe kwa mkupuo. Namna anavyosafisha ndiyo inayonivutia zaidi: hatafuti maganda. Huokota kisu, sufuria na ndizi anazozihitaji bado, huvihamishia kwenye mkeka safi, kisha huukung'uta ule wa zamani bila kuangalia kilichomo. Mzoa taka wa Java, yaani sehemu yake inayosafisha kumbukumbu, hufanya vivyo hivyo kwenye eneo la vitu vichanga, liitwalo Edeni. Huanza na vitu vinavyotumika sasa, hufuata kila kinachoshikwa navyo, huvihamisha vyote, na kilichobaki nyuma huhesabiwa kuwa nafasi tupu. Taka yenyewe haiguswi. Kwa hiyo maganda elfu hayamchoshi kuliko maganda kumi. Kinachomchosha ni vyombo vya kubeba.

Na ile programu iliyokaa bure? Sehemu ya maganda yake hutokana na JConsole yenyewe. Kila inapouliza hali, jibu huundwa ndani ya programu inayopimwa, kisha hutupwa. Amri ya jstat, chombo kingine cha kupimia, haisumbui sana kama JConsole, maana husoma takwimu ambazo Java hujiandikia kwenye faili.

Hata hivyo, mabonde yanayopanda pia si hukumu. Usafishaji mdogo, ule wa vitu vichanga, hauvigusi vitu vilivyozeeka, yaani vilivyonusurika mara nyingi, hivyo bonde laweza kupanda kwa saa kadhaa pasipo kosa lolote. Agiza usafishaji kamili kwa jcmd, chombo cha kuiamuru programu ya Java, kwa amri yake GC.run, kisha upime. Likiendelea kupanda siku baada ya siku kwa mzigo ule ule, huenda ni kache (akiba ya data ya kutumia tena) inayojazwa makusudi, au kuna kitu kinachong'ang'ania vingine bila sababu. Hapo chukua nakala ya vitu vilivyomo kwenye kumbukumbu kwa amri nyingine ya jcmd, GC.heap_dump, uone ni vitu vya aina gani vilivyojaa.

Programu ya karo niliipima hivyo hatimaye. Bonde lilirudi pale pale lilipokuwa wiki iliyotangulia, nami nikaacha kuizima seva usiku.