Maana ya kuendesha kundi teule la majaribio ya kivinjari

Majaribio ya kivinjari ni programu ndogondogo zinazofungua kivinjari halisi, zikabofya vitufe na kujaza fomu kama afanyavyo mtumiaji, kisha zikahakiki kilichotokea kwenye ukurasa. Kwa kuwa kila jaribio hulazimika kusubiri kurasa zifunguke, mradi wenye mamia ya majaribio humchelewesha mtayarishaji programu hata pale aliporekebisha mstari mmoja tu. Kuendesha kundi teule ni kuchagua majaribio yanayohusika na marekebisho hayo na kuyaacha mengine kwa wakati huo.

Katika Playwright, zana iliyotolewa na Microsoft mwaka 2020, uchaguzi huo hufanywa aghalabu kwa lebo. Majaribio ya kulipia bidhaa hupewa lebo @malipo, na amri `npx playwright test --grep @malipo` huyaendesha hayo. Chaguo `--grep-invert` huyaruka na kuendesha yaliyobaki.

Hapo ndipo kiendesha kazi kama npm, programu inayotekeleza amri zilizohifadhiwa kwa majina mafupi, kinapohitajika. Timu huiandika amri hiyo mara moja katika sehemu ya `scripts` ya package.json, faili la mipangilio ya mradi, ikaipa jina fupi, tuseme `jaribu:malipo`, na tangu hapo `npm run jaribu:malipo` huendesha amri ileile kwenye kompyuta ya kila mwanatimu na kwenye seva inayokagua msimbo. Faida hii naiona kubwa kuliko hata muda unaookolewa, kwa sababu mtu akisema majaribio ya malipo yamefaulu, wenzake wanajua hasa ni yapi yaliyoendeshwa. Anayetaka kuona kivinjari kikifanya kazi huongeza chaguo baada ya vistari viwili, `npm run jaribu:malipo -- --headed`, ili npm ilipitishe kwa Playwright badala ya kulichukua kuwa lake.

Ruwaza inayofuata `--grep` yataka uangalifu, kwani hulinganishwa na jina la faili, kichwa cha jaribio na lebo zake kwa pamoja. Kwa hiyo @malipo hunasa pia @malipo-simu, na neno malipo bila alama ya @ hunasa kila jaribio lililomo katika faili la majaribio malipo.spec.ts, hata lile la kubadili anwani. Majaribio ya ziada hupoteza dakika chache tu. Jaribio la malipo lililosahauliwa lebo ndilo la hatari, maana haliendeshwi na hakuna onyo lolote linalotolewa, hivyo kosa lake hubaki limejificha mpaka majaribio yote yaendeshwe kabla ya toleo jipya kutoka.