Mungu akiwa wa kike, mwanamke hupanda hadhi?

Kiswahili kina jambo moja ambalo lugha nyingi hazina. Ukisema "Mungu amesikia, naye atajibu," hakuna neno hata moja hapo linalotaja jinsia. Yeye ni yeye. Kiarabu na Kiebrania haziwezi kuisema sentensi hiyo bila kuchagua, na zilipochagua zilimfanya wa kiume. Sisi sarufi haikutushurutisha. Hata hivyo tukimtaja Isis wa Misri ya kale au Durga wa Wahindu tunaongeza maneno mawili, "wa kike", ilhali Zeus wa Wagiriki tunamwita mungu tu, basi. Nyongeza hiyo inafichua kwamba picha ya mwanamume tulikuwa nayo kichwani tangu mwanzo. Dhana ninayoieleza hapa inaanzia kwenye picha hiyo: ikibadilika, maisha ya wanawake nayo hubadilika?

Ibada ya mungu wa kike ni kuiabudu nguvu ya kimungu kwa sura ya mwanamke: kumjengea hekalu, kumtolea sadaka, kumfanyia sikukuu, kumwomba uzazi, mavuno, elimu au ushindi vitani. Mariamu, mama wa Yesu, hayumo katika maana hii. Wakatoliki humheshimu kwa kiwango cha juu sana, lakini mafundisho yao yanakataa kumwabudu. Ama "hadhi ya mwanamke", neno hilo hutumika ovyo, kwa hiyo nalifunga kwenye mambo yanayoweza kukaguliwa. Anamiliki na kurithi mali? Anasimama mahakamani kwa jina lake? Anasoma? Anaweza kutoka kwenye ndoa? Anashika cheo? Sifa za "malkia wa nyumba" sizihesabu, kwa kuwa zimesemwa kwa ukarimu mkubwa mahali ambapo mwanamke hakuwa na chochote.

Dhana yenyewe ina umri wa zaidi ya miaka 160 kwa sura tunayoijua. Mwaka 1861 mwanasheria wa Uswisi, Johann Jakob Bachofen, aliandika kwamba zamani za kale jamii ziliongozwa na akina mama na dini zao zilikuwa za mama, kabla ya wanaume kuzipindua. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Marija Gimbutas, mzaliwa wa Lithuania aliyefanya kazi Marekani, alisoma vinyago vya wanawake vilivyofukuliwa kusini-mashariki mwa Ulaya akaona ndani yake dunia ya amani iliyomwabudu mungu wa kike. Mfano unaopendwa zaidi na wafuasi wa fikra hizo unatoka Çatalhöyük, nchini Uturuki: sanamu ndogo ya udongo ya mwanamke mnene aliyeketi, ana wanyama wawili pembeni, yenye umri wa karibu miaka 8,000.

Ninaelewa kwa nini sanamu ile inagusa moyo. Lakini sanamu haituambii shamba lilikuwa la nani. Kilichotuambia jambo la uhakika pale Çatalhöyük ni mifupa: uchunguzi wa mabaki ya waliozikwa chini ya sakafu za nyumba umeonyesha kwamba wanaume na wanawake walikula vyakula vinavyofanana na walizikwa kwa namna inayofanana. Pengine palikuwa na usawa, na ushahidi wake umetoka kwenye meno na mbavu za watu wenyewe.

Upande wa pili wa dhana hautegemei historia hata kidogo. Mwaka 1978 mwanatheolojia wa Marekani, Carol Christ, alieleza kwamba alama za dini huingia chini kuliko hoja. Msichana anayesikia kila siku kwamba aliye juu kabisa ni Baba, Bwana na Mfalme hujifunza, bila kufundishwa na mtu, kwamba mamlaka ya kweli yana sura ya kiume na kwamba yake yeye ni ya kuazima. Mungu wa kike humpa ruhusa ya kuuona mwili wake kuwa mwema, na nia yake kuwa halali. Hoja hii naiheshimu. Wanawake wengi wameeleza kilichotokea ndani yao walipoomba kwa jina la kike kwa mara ya kwanza, na hakuna sababu ya kuwakanusha. Swali langu ni la hatua inayofuata: kilichobadilika moyoni kinafikaje kwenye hati ya shamba?

Hapo ndipo naomba tutulie, kwa sababu historia inajibu kwa njia isiyotarajiwa. Mjini Ur, kusini mwa Iraki ya leo, karibu mwaka 2300 K.K., mfalme Sargon alimweka binti yake Enheduanna kuwa kuhani mkuu. Tenzi zinazotajwa kwa jina lake zinamweka miongoni mwa waandishi wa mwanzo kabisa duniani ambao majina yao tunayajua, na mwaka 1927 wafukuaji walioongozwa na Leonard Woolley walipata kisahani cha mawe chenye sura yake na jina lake. Mtu angedhani alimtumikia mungu wa kike. Sivyo. Hekalu lake lilikuwa la Nanna, mungu wa mwezi, wa kiume. Desturi ya Wasumeri, wenyeji wa kale wa eneo hilo, ilikuwa kumpa mungu kuhani mkuu wa jinsia nyingine, kama mwenzi wake. Kwa desturi hiyohiyo, mjini Uruk, kwa Inanna, mungu wa kike wa mapenzi na vita, cheo kile kilikuwa cha mwanamume.

Tazama jambo hilo linavyokwenda kinyume na tulivyozoea kuwaza: mungu wa kiume alimfungulia mwanamke mlango wa cheo kikubwa, na kwenye hekalu la mungu wa kike mlango ukawa wa mwanamume. Sargon naye hakuwa akiwatetea wanawake. Alihitaji mtu wake ndani ya hekalu kubwa la mji alioushinda. Cheo kilidumu mikononi mwa mabinti wa wafalme kwa karibu miaka 500, kwa kuwa kiliwafaa wafalme. Lakini moyo wa Enheduanna ulikuwa kwa Inanna. Katika utenzi wake mashuhuri analia kwamba mwasi Lugal-Ane amemfukuza hekaluni, na anayemwita amrudishe ni Inanna. Kwa mwanamke mmoja yuleyule, ibada iliyompa nguvu ya kusema na ibada iliyompa cheo zilikuwa mbili tofauti.

Misri inatupa kipimo kizuri zaidi, karibu kama jaribio. Isis aliabudiwa huko kwa maelfu ya miaka, na chini ya sheria ya Kimisri mwanamke aliweza kununua, kuuza, kukopesha, kushtaki na kuachana na mume bila kusimamiwa na mwanamume. Ukiishia hapo utasema dhana imethibitika. Ila baada ya Aleksanda kuitwaa Misri mwaka 332 K.K., Wagiriki wengi walihamia huko pamoja na sheria yao. Tangu hapo nchi moja ikawa na njia mbili: mwanamke aliyeandika mkataba kwa Kimisri alijisimamia, na aliyeandika kwa Kigiriki alitakiwa kuja na msimamizi wa kiume, awe baba, mume au ndugu. Wagiriki nao walimpenda Isis. Mahekalu yake yaliwapokea wote.

Kutoka mji wa Oxyrhynchus, katikati ya Misri, limehifadhiwa gombo la karne ya pili B.K. lenye sala ndefu ya kumsifu Isis. Mstari mmoja unamwambia kwamba ndiye aliyewapa wanawake nguvu sawa na wanaume. Nimeurudia mstari huo mara nyingi. Ni tamko la wazi mno kwa wakati wake. Na uliandikwa kwa Kigiriki, lugha ileile ambayo mikataba yake ilimkataa mwanamke aliyekuja peke yake.

Athene sitakaa sana. Mji ulibeba jina la mungu wa kike, na kuhani wa Athena alikuwa mwanamke mwenye sauti kweli: mwaka 508 K.K. alimwamuru mfalme Kleomenes wa Sparta asitie mguu hekaluni. Wanawake wengine wa mji hawakupiga kura wala kusimamia mali yao wenyewe. Athena wa hadithi alitoka kichwani mwa Zeus bila mama, na katika tamthilia ya Aeschylus iliyochezwa mwaka 458 K.K. anatangaza kwamba yeye yuko upande wa wanaume. Mungu wa kike naye anaweza kuumbwa ili awe shahidi wa mfumo uliopo.

India inauma zaidi, kwa sababu ibada bado ni hai na nzuri mno. Saraswati ndiye mungu wa kike wa elimu, anachorwa akiwa na kitabu na ala ya muziki. Sensa ya mwaka 1951 ilikuta chini ya wanawake 9 katika kila 100 wanajua kusoma na kuandika, wanaume wakiwa takriban 27. Lakshmi ndiye mungu wa kike wa mali, na kwa sheria ya mirathi ya Wahindu haki ya binti katika mali ya pamoja ya ukoo ililinganishwa na ya mwana kwa marekebisho ya mwaka 2005. Wasichana walifikishwa darasani na watu kama Savitribai Phule, aliyefundisha katika shule ya wasichana mjini Pune kuanzia 1848 huku akirushiwa matope njiani. Mirathi ilipatikana bungeni.

Nchini Nepal, katika bonde la Kathmandu, msichana mdogo huchaguliwa kuwa Kumari, yaani mungu wa kike aliye hai. Wafalme walimpigia magoti. Siku damu yake ya kwanza inapotoka, uungu unakwisha na anarudishwa kwao. Kwa muda mrefu hakupelekwa shule, maana mungu atafundishwa nini na binadamu? Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikatamka kwamba Kumari ana haki ya kusoma kama mtoto mwingine yeyote. Nadhani hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi kwamba kuabudiwa na kuwa na haki ni vitu viwili. Mtoto yule alikuwa na la kwanza kwa wingi usiopimika, akakosa la pili.

Je, ipo mahali dhana imefanya kazi? Ipo, na ningependa ijulikane zaidi. Katika mji wa Salvador, jimbo la Bahia nchini Brazili, dini ya Candomblé ilijengwa na watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi pamoja na vizazi vyao. Huabudu orixá, yaani miungu yake, wa kiume na wa kike, na wa kike ni wakubwa kweli: Iemanjá wa bahari, Oxum wa maji matamu. Nyumba kongwe za ibada zilianzishwa na wanawake na zimeongozwa na wanawake kizazi baada ya kizazi. Mãe Menininha aliongoza nyumba ya Gantois tangu 1922 hadi alipofariki mwaka 1986, na wanasiasa na wasanii walikwenda kwake kuomba baraka. Hadi mwaka 1976 nyumba hizi zilitakiwa kujiandikisha polisi ili ziruhusiwe kufanya ibada, na walioziongoza katika miaka hiyo walikuwa wanawake weusi ambao nje ya ua ule hawakupewa cheo chochote.

Tofauti yake na Athene au Kathmandu naiona kwenye mambo ya ardhini kabisa. Mwanamke ndiye anayeongoza nyumba. Ndiye anayewaingiza wengine katika dini, ndiye mwenye siri za ibada, na uongozi mara nyingi humwendea mwanamke mwenzake. Wanawake weusi wengi wa Bahia wa karne ya 19 walikuwa wachuuzi wa barabarani waliojinunulia uhuru kwa fedha yao wenyewe. Walikuja kwenye ibada tayari wakijua kuhesabu na kuongoza. Oxum aliwapa jina na fahari ya jambo ambalo mikono yao ilikwisha kulianza. Hivyo ndivyo ninavyoelewa uhusiano wa vitu hivi viwili: mungu wa kike hukuza hadhi pale wanawake wanapoishika ibada yenyewe, na kazi hiyo hainiachii shaka ya thamani yake.

Tena hadhi inaweza kuja bila mungu wa kike kabisa. Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, Indonesia, ni Waislamu kwa mamilioni, na kwao ardhi na nyumba ya ukoo hupita kwa mama kwenda kwa binti. Hawahitaji Isis. Desturi yao ya mirathi inatosha.

Kinyume chao ni Japani. Nasaba ya kifalme husimuliwa kuwa imetokana na Amaterasu, mungu wa kike wa jua, na wanawake wanane waliwahi kukalia kiti hicho, wa mwisho katika karne ya 18. Sheria ya mwaka 1889, na tena ile ya 1947, ikakifunga kwa wanaume pekee. Mwaka 2001 alizaliwa Aiko, mtoto wa pekee wa mfalme wa sasa. Mwaka 2005 jopo lililoundwa na serikali lilipendekeza wanawake waruhusiwe kurithi; mwaka 2006 akazaliwa binamu yake, mvulana, na pendekezo likawekwa kando. Shangazi yake Aiko, Sayako Kuroda, ndiye kuhani mkuu wa Amaterasu katika hekalu la Ise tangu 2017. Aliolewa mwaka 2005 na mwanamume asiye wa ukoo wa kifalme, na sheria, ambayo haiwagusi kaka zake kwa jambo hilo, ikamtoa kwenye ukoo. Humtumikia jua akiwa raia wa kawaida.