Kivuli cha Askari na Tarehe ya Tukio

Kazi yangu ni kuhakiki picha na video kabla mhariri hajaziruhusu zitoke. Mtu akiniuliza mwandishi anathibitishaje tukio la mahali asipopata kukanyaga, humpa mfano wa Zelevet.

Julai 2018 ilisambaa video ya wanaume wenye sare za jeshi wakiwapiga risasi wanawake wawili na watoto wawili. Serikali ya Kameruni ilisema ni uzushi. Timu ya BBC Africa Eye ikautazama mlima ulioonekana kwa nyuma, ikaulinganisha na Google Earth mpaka mgongo wake ukaoana na ule ulio karibu na kijiji cha Zelevet, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo.

Tarehe ndiyo ilikuwa kazi. Picha za setilaiti za Novemba 2014 zilionyesha kuta fulani zilizomo kwenye video zikiwa bado hazijajengwa. Kufika Februari 2016, jengo jingine halikuwepo tena. Kulikuwa pia na njia ya miguu ambayo huonekana kati ya Januari na Aprili tu, wakati wa kiangazi. Hapo vikaja vivuli: ukishajua mahali, urefu na uelekeo wa kivuli cha askari hukuambia jua lilikuwa wapi angani. Hesabu ikaangukia kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015. Wanafunzi hupenda sana kivuli, lakini peke yake hakitoshi. Jua la mwishoni mwa Machi hupita karibu njia ileile mwezi Septemba. Kilichoifuta Septemba ni kile kinjia cha kiangazi.

Septemba 2020 mahakama ya kijeshi iliwafunga wanajeshi wanne miaka 10 kila mmoja, wa tano miaka 2. Wawili waliachiwa.

Sasa wako wahariri wanaoona setilaiti ni njia ya kukwepa nauli. Hapana. Picha za bure za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya za kupiga picha za ardhi, huja kila baada ya siku tano hivi, mawingu yakiruhusu, na nukta moja ni mita 10 za ardhi. Shamba lililoungua utaliona, aliyelichoma, huwezi. Huyo anatafutwa kwa simu na kwa miguu.

Na ukiwa wewe ndiye uliyeko huko, tafadhali usinitumie video kama video ya WhatsApp: inabanwa, na taarifa za ndani ya faili, kama tarehe na mahali iliporekodiwa, hupotea. Itume kama faili.